Mkopeshaji Asimame Nje ya Mlango: Simu, Deni na Jirani

Mhadhara wa wazi uliotolewa Nyamasaria, Kisumu

 Niliombwa nizungumzie maadili ya teknolojia ya habari kwa mtazamo wa Kikristo. Mada hiyo ni pana, na mtu anaweza kuizungumzia saa nzima bila kugusa maisha ya yeyote aliyeketi hapa. Kwa hiyo nimeibana. Jioni hii nitazungumzia deni la simu, kwa kuwa kutoka hapa Nyamasaria hadi Kondele hakuna jambo la kiteknolojia lililoingia katika nyumba nyingi na kuacha aibu nyingi kama hilo. Mengine yatakuja kwa njia hiyo hiyo.

Nianze na Torati. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mstari wa 10 na wa 11, kuna sheria fupi inayomhusu mtu aliyemkopesha jirani yake kitu. Akitaka rehani, haruhusiwi kuingia nyumbani mwa mdeni kuichukua. Asimame nje. Mdeni mwenyewe ndiye atakayeingia ndani, achague cha kutoa, kisha amletee. Mstari wa 6 wa sura hiyo umekwisha kukataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, maana hilo ndilo linaloipatia nyumba unga. Na mistari inayofuata inasema kwamba mdeni akiwa maskini, na rehani yake ikiwa ni nguo anayojifunika, basi irudishwe jua linapotua ili apate kulala.

Tuangalie jinsi sheria hii ilivyo na haki pande zote mbili. Haifuti deni. Haimkatazi mkopeshaji kudai kilicho chake, wala haimwiti mwizi. Inampa haki yake yote, ila inamwekea mpaka, na mpaka wenyewe ni kizingiti. Kwa nini kizingiti? Kwa sababu aliye ndani anaona. Anaona sufuria kama ina kitu au haina. Anaona mgonjwa aliyelala pembeni, anaona ugomvi wa mume na mke, anaona mtoto ambaye hakwenda shule. Mwenye deni ana haja ya pesa, lakini hakuuza haki ya kutotazamwa. Musa aliliona hilo jangwani, kabla ya benki, kabla ya posta, kabla ya umeme.

Sasa tuifungue simu. Mara nyingi, ukipakua programu ya mkopo, kabla haijakuuliza unahitaji shilingi ngapi, inakuomba ruhusa. Ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, ruhusa ya kujua mahali ulipo, na kwa miaka mingi nyingine ziliomba hata orodha yako ya majina na picha zako. Mtu mwenye mtoto mgonjwa hasomi maandishi hayo madogo. Anabonyeza "kubali", anabonyeza tena, pesa inaingia. Ujumbe unaotafutwa hasa ni ule wa M-Pesa, kwa kuwa ndani yake mna kiasi, saa, aliyetuma na salio lililobaki. Ujumbe wa miezi sita ukipangwa pamoja, mashine inajua unafanya biashara gani bila kuambiwa. Inajua siku yako ya soko, mwezi wa karo, zamu yako katika chama, sadaka uliyotuma kwenye nambari ya kanisa na ile Jumapili ambayo hukutuma. Hayo yote yanageuzwa kuwa alama, na alama ndiyo inayoamua kama utapewa shilingi 500 au 5,000. Hapana anayekueleza umepimwaje, wala ufanye nini ili upimwe upya.

Mkopeshaji wa namna hii hasimami nje hata dakika moja. Anaingia kwanza, anakagua chumba hadi chumba, ndipo anaketi kuzungumza mkopo. Na simu ya leo ni nyumba kweli. Humo mna barua, mna picha za marehemu, mna majibu ya hospitali, mna jina la mtu unayempigia usiku unapolemewa. Aliyeingia humo amevuka kizingiti, hata kama ofisi yake iko mji mwingine au nchi nyingine.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza omena kituoni. Mvua imenyesha milimani, maji yameshuka Kano, barabara zimekatika na wateja hawaonekani. Anakopa shilingi 3,000 ili asipoteze mahali pake sokoni. Siku ya kulipa inafika bado hana. Simu ya kwanza inapigwa kwake, na hilo ni haki. Ya pili haipigwi kwake. Inapigwa kwa kiongozi wa kwaya. Ya tatu kwa mwalimu wa mtoto wake, ya nne kwa shemeji yake Ahero. Sauti ngeni inasema: mwambieni fulani alipe deni la watu. Jumapili anapoingia kanisani watu wanampa mkono kama kawaida, lakini anajua kwamba wanajua. Malalamiko ya namna hii yalijaa magazetini na katika ofisi za serikali kwa miaka. Wapo walioacha kwenda kwenye chama, wapo waliohama mtaa.

Bwana Yesu alitoa utaratibu wa kumwendea aliyekosa. Uko katika Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15. Kwanza nenda peke yako, ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asipowasikia hao, ndipo jambo lifike kanisani. Utaratibu huo unakwenda polepole kwa makusudi, kutoka kwenye watu wachache hadi wengi, ili mtu apewe kila nafasi ya kutengeneza mambo kabla jina lake halijaguswa. Wadai wa simu waliupindua. Walianza na umati. Aibu, ambayo kwa Yesu inabaki mwisho kabisa na kwa machozi, kwao ikawa chombo cha kazi cha siku ya tatu. Na sura hiyo hiyo ya 18 inamalizika na hadithi ya mtumwa aliyesamehewa deni kubwa lisilolipika, akatoka nje, akamkuta mwenzake aliyemwia kiasi kidogo, akamkaba koo.  Bwana wake alimkasirikia kwa kutomhurumia mwenzake kama yeye alivyohurumiwa.

Sisemi tuitupe simu ziwani. Wenye umri wangu wanakumbuka kutuma pesa nyumbani kwa bahasha, ukimkabidhi utingo wa basi na kumwomba Mungu afike nayo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, bahasha hiyo ikapata njia salama. Mwaka 2016, wachumi Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science utafiti ulioonyesha kwamba huduma hiyo ilitoa familia zipatazo 194,000 za Kenya kwenye ufukara, hasa nyumba zinazoongozwa na wanawake. Hiyo ni baraka, na Mkristo asione haya kuiita hivyo. Mikopo ilifuata. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza ikaja Januari 2019, na katikati yake zikamiminika programu kutoka kila pembe ya dunia, nyingi bila leseni ya mtu yeyote. Mama ambaye benki haikuwahi kumfungulia mlango sasa angeweza kukopa akiwa amekaa kwenye kigoda chake. Jambo hilo lilikuwa jema. Alichotozwa kwa jema hilo ndicho ninachokihoji.

Na bei yenyewe ya pesa ihojiwe. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akiurudia mkopo huo kila mwezi, kwa mwaka amelipa asilimia 90, na hiyo haikuwa programu ya bei mbaya kuliko zote. Serikali ilipozindua Hustler Fund Novemba 2022, mkopo wake wa mtu binafsi uliwekwa asilimia 8 kwa mwaka. Yeyote anaweza kuona tofauti. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinakataza kumtoza riba maskini wa watu wako. Najua hoja za wachumi kuhusu gharama na hatari, na kwa mkopo wa biashara nazikubali. Kwa mkopo wa dawa na unga sizikubali. Anayepata faida kubwa zaidi pale jirani yake anapozidi kubanwa amesimama mahali ambapo manabii walipiga kelele, na Nehemia, sura ya 5, aliitisha mkutano mkubwa kwa ajili ya jambo hilo hilo, akawataka wakubwa warudishe mashamba na riba siku ile ile.

Sheria za nchi zimejitahidi kufika. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza Novemba 2020. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiodhibitiwa kupeleka majina kwa ofisi za taarifa za mikopo (CRB), ikaagiza pia kwamba mtu asiorodheshwe kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili kila mkopeshaji wa kidijitali awe na leseni, na Machi 2022 zikatoka kanuni zinazokataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio katika orodha ya majina ya mdeni ili kumwaibisha. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mwaka huo huo Google ilizuia programu za mikopo zilizo katika duka lake kugusa orodha ya majina na picha.

Someni kanuni zile za 2022 mkiwa na Kumbukumbu la Torati mkononi. Ni kizingiti kile kile, kimechapishwa katika gazeti rasmi la Serikali bila kumtaja Musa. Namshukuru Mungu kwa waliokipigania. Inaniuma kwamba waliosikika zaidi walikuwa wakopaji wenyewe, mawakili na waandishi wa habari, ilhali katika mimbari zetu nyingi deni liliendelea kuhubiriwa kama dhambi ya mdeni peke yake. Zaburi ya 37 inamlaumu anayekopa asilipe, ni kweli, na mwenye uwezo wa kulipa alipe. Lakini nimesikia mahubiri mengi juu ya mstari huo, na juu ya mkopeshaji kusimama nje sikumbuki hata moja.

Kuna jambo ambalo hata kanuni hizo zinaligusa kwa pembeni tu, na mimi naliona ndilo kiini. Mama wa omena alipobonyeza "kubali", alitoa nini? Majina ya watu mia tatu. Kiongozi wa kwaya hakukopa. Mwalimu hakuona hata senti. Shemeji hakuulizwa. Rehani ya Torati ilikuwa kitu cha mdeni mwenyewe, nguo yake au chombo chake. Hapa rehani ni watu wengine. Majina yaliyo simuni mwako hukuyatengeneza wewe; kila moja ulipewa na mwenyewe kwa kukuamini, mwingine siku ya msiba, mwingine siku ya harambee. Mtu hawezi kuweka rehani imani aliyopewa na jirani. Tumezoea kusema "data yangu" kana kwamba kila mmoja amezungushiwa ua wake, ilhali habari zetu zimefumana. Ukimtoa mmoja umewatoa wengi. Amri ya upendo kwa jirani inafanya kazi hapa kwa namna halisi kabisa, kwenye kidole kinachobonyeza, na Mkristo anaweza kukataa ruhusa ile hata pale anapokuwa tayari kujianika mwenyewe.

Habari zetu kushikwa na wengine si jambo jipya: Nyanza imewahi kuandikwa na kubebeshwa maandishi yake. Reli ilifika ziwani mwishoni mwa 1901, na pamoja nayo waya wa telegrafu. Nyuma ya waya zikaja karatasi. Sheria ya usajili wa wenyeji ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, mwajiri wake, mshahara wake, tarehe ya kuanza na kumaliza kazi, imetiwa ndani ya kikebe cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Mwajiri akikataa kuitia saini, mfanyakazi hawezi kuajiriwa kwingine, na akiondoka anasakwa kama mtoro. Habari zilikuwa zake, saini ilikuwa ya mwingine. Sioni tofauti kubwa kati ya karatasi ile na alama ya mkopo ambayo huwezi kuiona wala kuipinga.

Na nani alisimama? Tarehe 23 Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, chini ya uenyekiti wa Jonathan Okwiri, mwalimu aliyelelewa na misheni ya Maseno. Vuguvugu lile liliitwa Piny Owacho, na kati ya madai yake, pamoja na kodi, kambi za kazi na ardhi, lilikuwamo dai kwamba kipande kiondolewe. Julai 1922 Gavana Northey alilazimika kuja kuwasikiliza Nyahera, si mbali na hapa. Kambi za kazi zikaondolewa, kodi ikapunguzwa, kipande kikabaki. Mwaka uliofuata Archdeacon Owen wa kanisa la Anglikana akaligeuza vuguvugu kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Wapo wanaomsifu kwa kuwalinda viongozi wale wasikamatwe, wapo wanaosema alilipunguza makali. Nadhani wote wana sehemu ya ukweli. Kwangu la maana ni hili: vijana waliofundishwa kusoma ili wasome Injili waliisoma, kisha wakasoma na kile kilichoning'inia shingoni mwao, wakaona kwamba haviwezi kukaa pamoja.

Tangu hapo usajili umekuja na sura mpya. Usajili wa kitaifa wa Huduma Namba ulipoanza 2019, wanaharakati wakiongozwa na Nubian Rights Forum walikwenda mahakamani, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia kuchukuliwa kwa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kadi zenyewe zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa Serikali haikupima kwanza athari zake kwa faragha ya watu. Sipingi usajili. Waisraeli walihesabiwa katika kitabu cha Hesabu, kwa jamaa zao, kwa majina, na Mungu ndiye aliyeagiza. Daudi naye alihesabu watu katika 2 Samweli 24, na hata Yoabu, ambaye mikono yake ilikuwa na damu nyingi, akamuuliza bwana wake anataka hesabu hiyo ya nini. Swali la Yoabu ndilo swali la kuuliza kwenye kila meza ya usajili.

Kisha kulikuwa na Worldcoin. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni Nairobi, wakaangalia ndani ya tufe linalosoma mboni ya jicho, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Zaidi ya watu 300,000 walijiandikisha kabla Serikali haijasimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba, kwa kuwa ridhaa iliyovutwa kwa malipo si ridhaa. Wahubiri wengi walifananisha vijana wale na Esau aliyeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa mchuzi wa dengu. Mimi naomba tumtazame na Yakobo. Ndugu yako amerudi kutoka porini, amechoka hadi anaona atakufa, sufuria iko mbele yako imejaa, na hapo ndipo unapotaja bei. Maandiko yanamlaumu Esau kwa kudharau kilicho chake, na hayafichi Yakobo alikuwa mtu wa namna gani. Aliyesimama foleni hiyo alikuwa ametoka porini. Kanisa litakalomcheka bila kumuuliza mwenye sufuria limesoma nusu ya hadithi.

Na kuna mlango ambao ulivukwa hapa karibu, ng'ambo ya ghuba. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alichukuliwa na polisi nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya maandishi yaliyomhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa hadi kituo cha Central, Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kupigwa na dalili za kukabwa shingo. Simu humwonyesha mwenye nguvu mtu yuko wapi na amesema nini, na asipozuiwa atamfuata hadi kwa baba yake. Kama maandishi yale yalikuwa na kosa, ziko mahakama. Hata mwenye dai halali husimama nje, na Serikali ina sababu nyingi zaidi za kusimama nje kuliko mkopeshaji, kwa kuwa ina bunduki.

Sasa turudi kwetu kanisani, na hapa naomba mnisikilize kwa subira. Kanisa ndilo lililoleta teknolojia ya habari kwa watu wa kawaida katika ufuo huu. Waadventista walifika Gendia, Kendu Bay, mwaka 1906, na kufikia 1913 walikuwa na mtambo wa kuchapa. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka 1926, Biblia nzima 1953. Askofu Henry Okullu, aliyeongoza dayosisi ya Maseno South kuanzia 1974, alikuwa mhariri wa gazeti la Kikristo la Target kabla ya kuvaa kofia ya askofu, na alijua kwamba neno lililochapishwa linaweza kumwinua mtu au kummaliza. Tuna urithi. Hatuwezi kusema mambo haya ni ya vijana wa Nairobi.

Basi tujitazame. Katika kundi la WhatsApp la kanisa, mtu anaandika: tumwombee mama fulani, amelazwa, vipimo vimeonyesha kitu fulani. Ameandika kwa upendo. Lakini watu mia mbili wamejua ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hajawaambia wanawe. Mweka hazina anatuma orodha ya mchango wa ujenzi, majina na kiasi, na sifuri mbele ya majina ya wasiotoa. Ni mdai yule yule wa simu, isipokuwa amesali kwanza. Tunapiga picha watoto yatima wakipokea sare, tunaziweka mitandaoni ili wafadhili waone, na mtoto atakapokuwa na miaka 20 picha ile itakuwa bado inamtambulisha kwa njaa yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sheria haikuandika kwamba picha zikipigwa kwa jina la Yesu zinaruhusiwa. Na bado tunao utamaduni wa kale unaotuhukumu: padri anayesikia maungamo hufa na siri hizo. Kanisa liliijua faragha karne nyingi kabla ya mabunge.

Mtu ataniuliza: je, Mungu hatuoni sote, hata gizani? Zaburi ya 139 inasema hivyo, na mwenye zaburi hakimbii, anamwomba Mungu aendelee kumchunguza. Lakini anayemchunguza ndiye aliyemfuma tumboni mwa mama yake. Anamjua kwa sababu anampenda, na ujuzi huo hauuzi kwa mtu. Aliye na ujuzi mwingi juu ya watu bila upendo wa kiasi hicho hana ruhusa ya kujilinganisha na zaburi hiyo. Papa Leo wa Kumi na Nne, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo kwa kumkumbuka Leo wa Kumi na Tatu, aliyetetea wafanyakazi mwaka 1891 wakati wa viwanda, kwa kuwa akili unde inaleta swali lile lile la heshima ya mtu. Nadhani ameona vizuri. Ila swali hilo halisubiri Roma. Vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma machafu ya dunia ili mashine zijifunze kuyakwepa walikuwa tayari wanaliuliza, na wengine wao walikuwa wanakwaya wetu.

Ninayoyaomba makanisa ya Nyamasaria ni ya kazi. Ombi la maombi lisiandikwe kundini mpaka mhusika au jamaa yake akubali, na ugonjwa usitajwe kwa jina. Orodha za michango zikae kwa mweka hazina na mkaguzi. Rejesta za ubatizo na za wajane zifungiwe, ijulikane nani ana ufunguo, na nakala za simuni zifutwe. Kila parokia na kila ushirika uwe na mtu mmoja, kijana anayeelewa simu, atakayeketi na wazee baada ya ibada awaonyeshe jinsi ya kuondoa ruhusa katika programu walizonazo na kuangalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya Benki Kuu. Mfuko wa diakonia utenge kiasi, hata kidogo, cha mkopo wa dharura usio na riba, ili mama wa omena awe na pa kwenda kabla hajabonyeza chochote.

Na aliyekwisha kutukanwa au kuaibishwa, tumsindikize. Ahifadhi ujumbe, asiufute kwa hasira. Aandike nambari iliyompigia, siku na saa. Walio katika orodha yake waliopigiwa nao wana haki ya kulalamika kwa majina yao wenyewe, kwa sababu wao pia wameingiliwa. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data, na sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Mwenye kuogopa kuandika, aje Jumanne jioni hapa hapa ukumbini. Mawakili wawili wa ushirika wetu wamekubali kukaa na watu bila malipo, mlango ukiwa umefungwa.